Katuni ya Kabla ya Picha

Ukumbi wa sinema uliokuwa nyuma ya soko la nguo haukuwa na la kujivunia machoni. Viti vyake vyekundu vilikuwa vimechakaa mpaka vingine vikatoa sponji, feni zilizunguka kwa kulalamika, na mlango wa kando ulifungwa kwa kamba. Hata hivyo, watu waliupenda kama mtu anavyoipenda nyumba ya bibi yake. Waliupenda kwa sababu ya desturi moja: humo ndani picha kubwa haikuanza kamwe kabla ya kuonyeshwa katuni fupi.

Msomaji asidhani katuni hizo zilikuwa mambo ya watoto. Siku moja ilionyeshwa katuni ya mwavuli ulioogopa mvua, na siku nyingine ya soksi iliyozunguka mji mzima ikimtafuta mwenziwe. Fundi saa wa mtaa, mzee mwenye uso mgumu ambaye barabarani hata salamu aliitoa kwa taabu, alionekana akijifuta machozi kwa ajili ya soksi! Wapenzi walioingia wamenuniana walishikana mikono kabla picha yenyewe haijaanza. Katuni ilikuwa kama kunawa mikono kabla ya kula: ilimwondolea mtu vumbi la huko atokako, akaikabili picha kubwa akiwa na moyo mweupe.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuna aliyelitilia maanani kwa sababu kila mtu alikwisha kulizoea. Wakati wa katuni ndipo ukumbi ulipojaa. Wenye watoto waliwahi viti vya mbele, wengine walibaki nje wakinunua bisi na kumalizia soga, wakiambiana, "Aa, bado katuni." Kisha waliingia mmoja mmoja gizani, wakiwakanyaga wenzao vidole na kubishana kwa kunong'ona kuhusu viti, wala hakuna aliyewakasirikia, maana ni vigumu kugombana na mtu huku unacheka. Katuni ilipoisha, kila mtu alikuwa ameketi na simu zimezimwa.

Jirani na soko hilo aliishi mama mmoja mwenye watoto wawili, wote wamepatwa na ugonjwa wa picha. Majirani walimwita Mama Sinema, naye jina hilo alilivaa kama kilemba kipya. Mwanawe wa kwanza alikuwa mwongozaji wa filamu. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi, lakini kichwa nacho kilikuwa kimeanza kuvimba. Alikuwa na mtindo wa kuzungumza na watu huku akiwatazama kupitia vidole alivyovikunja mraba, kana kwamba kila binadamu alipaswa kwanza kupimwa kama anafaa kupigwa picha. Hata mama yake alikwisha kupimwa hivyo, mezani, akiwa na kijiko mdomoni.

Wa pili, binti, alikuwa mchora katuni. Huyu alijifungia katika chumba cha nyuma cha mama yake, kamera imefungwa juu ya meza ikitazama chini, akikata maumbo ya karatasi kwa mkasi wa kucha. Alisogeza kipande kidogo sana, akapiga picha. Akakisogeza tena, akapiga picha. Chafya ilikuwa balaa katika chumba kile, kwani pumzi moja ingepeperusha kazi ya wiki nzima. Mama Sinema alijifunza kunyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kazi iliyomnyima binti usingizi ilimhusu birika. Birika hili lilikuwa na kasoro: maji yalipochemka, badala ya kupiga mluzi kama mabirika mengine, lilishikwa na kwikwi. Sufuria zililicheka, vikombe vililikimbia, na likafichwa kabatini wageni walipokuja. Katuni nzima haikuwa na neno hata moja, ila sauti tu; na sauti ya birika aliitoa Mama Sinema. Mama huyu alikuwa na kwikwi iliyojulikana mtaa mzima. Akishtuka tu, inamshika, na ikimshika haimwachi kirahisi. Binti aliinasa kwa hila: alijificha nyuma ya mlango na kupasua mfuko wa karatasi mama alipopita.

"Mtoto huna adabu wewe! Kwi! Unataka kuniua? Kwi!" mama alifoka. Baadaye aliposikia sauti yake ikitoka kwenye mdomo wa birika, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Walikubaliana kwamba kaka asiambiwe neno. Angesikia mwenyewe ukumbini, mbele za watu, ashtuke kwa furaha.

Filamu ya kaka nayo ilikuwa imekamilika, baada ya miaka ya jasho. Kilikuwa kisa kizito cha ndugu wawili mapacha. Mmoja anauawa kwa kosa la mwenzake, na yule aliyesalia anakwenda mazikoni akiwa na siri kifuani. Kisa kizima kiliegemea mwanzo wake. Picha ilifunguka kimya: mapacha wameketi uani wakinyoana ndevu kwa zamu, kisha wanaagana, kila mmoja anashika njia yake. Baada ya hapo hawakuonekana pamoja tena, na neno "pacha" halikutajwa mpaka mwisho. "Mtazamaji hatafuniwi," mwongozaji alipenda kusema. "Nimemwonyesha mara moja, inatosha."

Meneja wa ukumbi aliwapangia ndugu hao alasiri moja ya Jumamosi. Katuni ya dada itangulie, picha ya kaka ifuate. Mama Sinema alialika mtaa mzima. Na kulikuwa na mgeni ambaye moyo wote wa mwongozaji ulimtegemea yeye: msambazaji wa filamu, mwanamke mmoja mwenye kumbi katika miji mingi. Filamu aliyoipenda ilitembea nchi nzima, na aliyoikataa ilirudi kulala kabatini. Alikuwa amekubali kupita mara moja tu, kwani jioni ileile alikuwa na treni ya kuwahi. Kwa mwongozaji, alasiri ile ilikuwa kufa au kupona.

Mchana wa siku hiyo aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi.

"Leo hakuna katuni," alisema. "Taa zikizimwa, anza moja kwa moja na picha yangu."

Funguo zilimponyoka meneja mkononi. "Hakuna katuni? Humu ndani? Bwana wee, watu wamezoea!"

"Mazoea yana taabu. Mgeni wa heshima anakuja kuona msiba, halafu wewe unampokea na birika lenye kwikwi? Atanionaje?"

"Lakini ni kazi ya mdogo wako. Kwani umeitazama?"

"Birika ni birika, Meneja. Kuna nini cha kutazama?"

Meneja alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa harusi leo haina bibi harusi. Mwishowe aliokota funguo zake. "Haya. Mwenye shughuli ni wewe."

Dada mtu alikuwa kwenye ujia wa kuingilia, amesimama juu ya stuli, akibandika ukutani picha ya birika lake. Kaka alimpa habari huku akitazama simu.

"Mdogo wangu, katuni yako tumeiahirisha. Tutaitafutia siku ya watoto."

Binti aligeuka. "Kaka, unanitania."

"Leo sina utani."

"Mama amealika watu! Tangu asubuhi yuko kwenye kioo."

"Mama atanielewa. Na usinune, bwana. Ni vikaratasi tu, haviozi."

Vikaratasi! Binti alihisi kana kwamba amezabwa kofi mbele za watu. Neno moja tu lingetosha kumnyamazisha kaka yake: angemwambia sauti ni ya nani. Lakini siri ilikuwa ya wawili, na yeye pia alikuwa na kiburi chake cha kimyakimya. Alijiambia kwamba mtu ambaye hakutaka kuitazama kazi yako hapaswi kubembelezwa. Akashuka, akabandua picha ukutani, akaikunja.

Muda ulipofika, taa zilizimwa. Nusu ya viti vilikuwa vitupu. Skrini ilifunguka, na mapacha wakaanza kunyoana ndevu kimya kimya katika uwanja wenye jua.

Kwa watu waliokuwa ndani, ule haukuwa mwanzo wa picha. Ulikuwa wakati wa katuni, na wakati wa katuni una mambo yake. Wenye watoto walifungua vifurushi vya vitafunwa. Fundi saa aligeuka nyuma kumuuliza jirani yake habari za mgongo. Mlango ulikuwa ukifunguka na kufungika, na kila ulipofunguka skrini ilioshwa na mwanga wa nje. Watu waliingia na tochi za simu. "Samahani." "Hicho kiti changu." "Kwani kina jina lako?" Vichwa vilipita mbele ya mapacha kama mbuzi wanaovuka barabara. Nje kwenye bisi soga ilikolea, maana bado katuni.

Juu ya minong'ono yote ikasikika sauti ya Mama Sinema, "Jamani, mbona naona watu wananyoana? Birika liko wapi?"

"Tulia, mama," mtu alimjibu gizani. "Labda linachemka."

Ukumbi ulicheka. Mwongozaji, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa akikitazama kiti alichomtengea msambazaji, aliuma meno. Kiti kilikuwa kitupu. Mapacha waliagana, kila mmoja akashika njia yake, na ndipo mgeni wa heshima alipoingia taratibu na mfuko wake wa bisi mkononi, akakaa, akavaa miwani. Mwongozaji alishusha pumzi. Amewahi, alijiambia, ndiyo kwanza picha inakolea.

Na kweli ilikolea. Tochi zilizimwa, watu walitulia. Pacha mmoja alipouawa, wanawake walishika mashavu na fundi saa alivua kofia. Mwongozaji alihisi amekua urefu. Akakunja vidole mraba, akautazama ukumbi wote kupitia hapo, akauona unafaa.

Kisha ikaja sehemu ya maziko, ambayo aliipenda kuliko zote. Kaburi limefukiwa. Waombolezaji wameinamisha vichwa. Kutoka nyuma ya miti anatokea pacha aliyesalia, anatembea polepole, machozi yakimtiririka.

"Ha!" mtu alipiga ukelele. "Si huyu ndiye tuliyemzika sasa hivi?"

Watu walitazamana gizani kama wanaojiuliza iwapo macho yao yanawadanganya. Halafu sauti nyingine ikatoka viti vya nyuma, "Jamani, marehemu kachelewa msiba wake!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka wakipigana mabega, bisi zikaruka. "Wako wawili nyie! Wako wawili!" mama mmoja wa viti vya mbele alijaribu kueleza, lakini nani angemsikia? Mama Sinema, aliyemwona mfu akitembea kwa miguu yake, alishtuka kutoka moyoni. "Kwi!" alisema. "Kwi!" Vicheko vikaongezeka. Kila pacha alipokaribia kaburi, "Kwi!" Alipopiga magoti, "Kwi!" Mwongozaji alisimama palepale, asijue kama anaota. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa inachekwa, na mama yake mzazi ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya.

Picha ilipoisha, hakuna aliyepiga makofi. Msambazaji aliinuka, akachukua mkoba wake. Mwongozaji alimkimbilia mpaka nje.

"Kupiga picha unajua," msambazaji alimwambia, akitazama saa. "Ila kisa chako kimenipiga chenga. Mtu kafa, nikamlilia. Halafu anakuja kujizika. Ni mzimu?"

"Ni mapacha, mama! Ni mapacha!"

"Mapacha? Umeonyesha wapi?"

"Mwanzoni! Mwanzo kabisa, wananyoana ndevu!"

Msambazaji alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanzoni mimi nilikuwa hapa nanunua bisi. Kila mtu alikuwa hapa. Kwani mwanzoni humu si huwa katuni?"

Neno lile lilimwingia mwongozaji taratibu, na lilipofika chini likamkata maini. Alikuwa ameifukuza katuni ili picha yake isitanguliwe na kitu, akaiweka picha yake mahali pa katuni, ikatazamwa na migongo ya watu. Hakuna adui aliyemfanyia hayo. Alijipalia makaa kwa mkono wake.

Wakati huohuo ndani kulizuka kelele. Watu walikuwa wamegoma kutoka. "Katuni! Katuni! Katuni!" walipiga kelele, wakigonga viti ambavyo tayari vilikuwa na hali mbaya. Meneja aliyahofia yale masalio ya viti kuliko alivyomhofia mwongozaji. Akaamuru katuni ionyeshwe.

Taa zilizimika tena. Mlango ulikuwa wazi, na msambazaji, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi, akaisikia ile sauti: "Kwi!" Kicheko kikafuata, ila cha namna nyingine, kile cha watu wanaopenda wanachokiona. Akarudi, akasimama mlangoni na mkoba wake. Mwongozaji alisimama nyuma yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama.

Aliliona birika la karatasi likihema jikoni, kifuniko kikirukaruka. Aliliona likifichwa kabatini kwa aibu wageni walipokuja. Aliona pazia la jikoni likishika moto wakati nyumba nzima imelala, na birika gizani, maji yakilichemkia tumboni kwa hofu, likijaribu kupiga mluzi na kushindwa. Fundi saa alishika mkono wa mtu asiyemjua. "Kwi," birika likasema. "Kwi! Kwi! Kwi!" kwa nguvu zake zote, mpaka mlango wa kabati ukafunguka, nyumba ikaamka, na watu wakapona. Ukumbi mzima ulisimama ukishangilia.

Lakini mwongozaji alikuwa ameacha kutazama skrini. Alikuwa amezitambua zile kwikwi. Alilelewa nazo. Alipokuwa mdogo, ndizo zilizomwambia kuwa mama yuko nyumbani. Akajishikiza kwenye ukuta.

Msambazaji alimwendea binti. "Wewe ndiye mwenye birika?"

"Ndiyo," binti aliitika.

"Nalitaka. Litangulie picha zote kwenye kumbi zangu."

Binti alimtazama kaka yake, kisha akamgeukia mgeni. "Nitakupa, dada. Ila nakuomba, itazame tena picha ya kaka yangu. Kaa tangu mwanzo."

"Treni hainisubiri, mdogo wangu," msambazaji alisema, akashuka ngazi upesi.

Mama Sinema alitoka mwisho, akiwa ameshikwa mkono na jirani. Alikuwa amekwisha kusikia yote kutoka kwa meneja. Kwikwi ilikuwa imemwacha. Alimsogelea mwanawe, na safari hii yeye ndiye aliyemtazama kwa kumpima.

"Kumbe, mwanangu," alisema polepole, "ulinitoa ukumbini nami nimekaa kwenye kiti."

"Mama, sikujua kama ni wewe."

"Na kama ingekuwa sauti ya mtu mwingine, ndiyo ilistahili kutolewa?"

Mwongozaji alimgeukia dada yake amwombe radhi, akaishia kumshika bega na kulia waziwazi mbele ya wauza bisi.

Jumamosi iliyofuata, kwa ombi la dada mtu, meneja alizionyesha tena zote mbili. Katuni kwanza, picha baadaye. Watu walewale walikuja, wengine wakiwa wameleta na wenzao waje kumwona marehemu anayejizika. Birika lilipata kwikwi, waliochelewa waliingia wakicheka, wakakanyagana, wakakaa. Mapacha walipoanza kunyoana ndevu, ukumbi mzima ulikuwa kimya, macho mbele.

Yalipofika maziko, na pacha aliyesalia kutokea nyuma ya miti, hakuna aliyecheka. Kilisikika kilio kimoja viti vya nyuma, kisha kingine, mpaka ukumbi wote ukawa unapenga kamasi. Mwongozaji alishikwa na bumbuwazi kuliko siku ile ya aibu. Hakuwa amebadilisha hata kipande kimoja. Ilikuwa picha ileile, kwa watu walewale, kwenye viti vilevile vibovu.

Alitoka mbio mpaka nje, akampigia simu msambazaji.

"Mama, wanalia! Sikiliza, watu wanalia! Nakuomba urudi uione."

"Pole sana, bwana," sauti ilijibu upande wa pili. "Nafasi nimekwisha kuijaza. Nimechukua picha ya kijana mmoja, anasema wewe ndiye uliyemfundisha kushika kamera. Inaanza wiki ijayo kumbi zote." Kisha akaongeza kwa furaha isiyo na ubaya wowote, "Tena itatangulizwa na lile birika la dada yako!"

Simu ilikatika. Ndani watu walikuwa bado wanalia, na mwongozaji alibaki amesimama peke yake kando ya bisi, kama mtu aliyeamka na kukuta mguu wake umevimba usiweze tena kuingia kwenye kiatu. Wahenga hawakukosea: mdharau mwiba, mguu huota tende.